Moshi wa Nyika Unavyofuatiliwa Kutoka Angani

Kila mwaka, mvua zinapokatika na nyasi kukauka, maeneo makubwa ya kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Angola na Zambia hushika moto, ambao kwa sehemu kubwa huwashwa na binadamu ili kuandaa mashamba, kuchipuza malisho au kuwatoa wanyama mafichoni wakati wa kuwinda. Kati ya Juni na Oktoba moshi wake hujikusanya kuwa utando mpana, ukasukumwa na pepo za mashariki hadi kuvuka pwani ya Angola na kutanda juu ya Bahari ya Atlantiki. Aliye ardhini hawezi kuuona utando huo wote, na ndiyo maana setilaiti zimekuwa nyenzo kuu ya kuufuatilia.

Kazi huanzia kwenye moto wenyewe. Kipimaji cha MODIS, kilichomo katika setilaiti za Terra na Aqua zilizorushwa mwaka 1999 na 2002, hupokea mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, hasa ile yenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 4, ambayo moto huitoa kwa nguvu kuliko ardhi inayouzunguka. Hata hivyo setilaiti hizo hupita juu ya mahali pamoja mara chache tu kwa siku, ilhali moto wa nyika huweza kuwaka na kuzimika katika muda wa saa chache. Pengo hilo huzibwa na setilaiti ya Meteosat, ambayo iko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwa kuwa huzunguka sambamba na dunia, huitazama Afrika bila kukoma na kupiga picha kwa vipindi visivyozidi dakika 15.

Ugumu hasa huanza moshi unapofika baharini. Huko huelea aghalabu katika kimo cha kati ya kilomita 2 na 5, juu ya tabaka la mawingu meupe ya chini, na katika picha ya kawaida weupe huo huuficha. Wanasayansi basi hutumia mionzi ya urujuanimno, ambayo hewa na mawingu huirudisha kwa wingi lakini chembe za moshi huifyonza, hivyo palipo na moshi juu ya wingu mionzi inayorudi hupungua. Kipimaji cha TROPOMI, kilichorushwa mwaka 2017, hutumia njia hiyo na pia hupima kaboni monoksidi, gesi itokanayo na mwako usiokamilika, ambayo hudumu hewani kwa majuma kadhaa na kuonyesha njia ya moshi hata baada ya mvua kuziosha chembe zake.

Kimo cha moshi kilipimwa kwa leza ya setilaiti ya CALIPSO kuanzia 2006 hadi 2023, na tangu 2024 kazi hiyo imeendelezwa na EarthCARE: mwale hutumwa chini, na muda unaotumia kurudi hueleza umbali wa kilichouakisi. Kimo hicho kina uzito mkubwa, kwa maana moshi ulio juu ya wingu hufyonza nuru ya jua na kuipasha hewa joto, ilhali ule unaoingia ndani ya wingu hubadili wingi wa matone yake. Ili kuhakiki hayo, mradi wa ORACLES wa NASA ulirusha ndege za utafiti kutoka Walvis Bay mwaka 2016 na São Tomé mwaka 2017 na 2018.

Pamoja na ustadi huo wote, vipimaji vingi vya angani hujumlisha moshi wa safu nzima ya hewa na haviwezi kusema kwa yakini ni kiasi gani kinavutwa na mtoto aliye kijijini Katanga, kwa kuwa moshi wa kimo cha kilomita 4 na ule wa usawa wa pua huweza kufanana katika picha. Jibu hilo hutolewa na vituo vya ardhini, ambavyo ni vichache mno katika nyika unakotoka moshi huo. Serikali na vyuo vikuu vya ukanda huu havina budi kuvijenga huko, karibu na wanaouvuta.