Kifusi cha Ruti na Maji ya Nakivale

Tangu Mbarara, nchini Uganda, ilipopewa hadhi ya jiji, tarehe 1 Julai 2020, nyumba nyingi za zamani zimebomolewa kupisha majengo ya maduka na ya kupangisha, na huko Ruti, ng'ambo ya mto Rwizi upande wa Nyamitanga, si ajabu kuuona msingi mpya ukichimbwa hali kifusi cha nyumba iliyotangulia kingali kimelala kando ya njia, matofali yamechanganyika na mbao, misumari na mifuko ya saruji.

Kifusi hicho aghalabu hakina mwenyewe. Mwenye kiwanja hudhani ni juu ya mkandarasi, mkandarasi humtupia mwenye lori, naye mwenye lori, maadamu amepatana bei ya safari bila ya kuulizwa aendako, hutafuta bonde lililo karibu. Na bonde la karibu ni la Rwizi, ijapokuwa kanuni za nchi za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito zimeukinga mto huo kwa mita 100 kutoka kingo zake.

Tofali lililotupwa bondeni halisafiri mbali, lakini hufukia mafunjo, na mafunjo ndiyo yachujayo maji. Kisha mvua huchukua vumbi la saruji, mabaki ya rangi na udongo uliolegea na kuviteremsha kuelekea mashariki, kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale, ambayo ardhi yake oevu iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2006. Kando ya ziwa Nakivale wamekaa wakimbizi tangu zama za Wanyarwanda wa mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wapo Wakongo, Warundi na Wasomali, ambao wengi wao maji ya kunywa huyapata katika ziwa hilo hilo. Fauka ya hayo, udongo wa matofali mapya huchimbwa katika mabonde yale yale ya Rwizi na kuchomwa kwa kuni, hata ikawa tunalijeruhi bonde mara mbili: mara ya kwanza kwa kulichimba, mara ya pili kwa kulifukia kwa kile tulichokichimba. Hii ni israfu iliyo dhahiri.

Mwashi mmoja wa Kikongo, aliyetoka Nakivale kuja Ruti kwa kibarua, nilimtazama akilishika tofali kuukuu kwa mkono wa kushoto na kuligonga ubavuni kwa ncha ya mwiko; udongo uliolishikanisha ukabanduka kwa kipande kimoja, naye akalisikiliza mlio wake kabla ya kulipanga. Lililolia kwa sauti kavu alilipeleka kwenye rundo la ukuta, lililotoa sauti ya kufa akalipeleka kwenye rundo la kujazia chini ya sakafu. Yaliyojengwa kwa saruji yalimshinda, kwani saruji huondoka na pembe ya tofali, basi hayo akayavunjavunja yawe kokoto. Misumari ilikuwa katika kopo, ikingoja kunyooshwa juu ya jiwe. Kazi kama hiyo ndiyo iliyofanywa na wanawake wa Berlin baada ya vita kuu vilivyokwisha mwaka 1945, waliposafisha matofali ya magofu kwa nyundo, moja baada ya moja.

Hila yote ni kutenganisha siku ile ile ya kubomoa, kabla sepetu haijachanganya kila kitu. Mabamba ya asbesto pekee hayavunjwi wala hayatumiwi tena: hulowanishwa, hufungwa na kuwekwa mbali na watu, kwa kuwa vumbi lake huua mapafu.

Naliomba baraza la jiji litenge uwanja wa kifusi, ambako mwenye nyumba atashusha na mwenye haja atachukua, kwani Nakivale hazikosekani nyumba za udongo ambazo misingi yake huliwa na mvua. Nawe unayejenga Ruti mwaka huu, andika katika mapatano yako na fundi ni nani atakayekiondoa kifusi na kitapelekwa wapi, na mwenye lori usimlipe mpaka umeona alikomwaga.