Kanzu Iliyochanika Gotini

Kanzu huanza kuchakaa gotini, mahali pa kusujudia. Ya marehemu baba, niivaayo kila Ijumaa, ilitoboka hapo mwezi wa Shaabani. Nikazivuta kingo za tundu, nikazishona pamoja kwa mkono, nikajiona fundi. Rakaa ya kwanza tu, kitambaa kikachanika pembeni mwa mshono, tundu likawa kubwa kuliko la awali.

Fundi mmoja wa Mchangani, hapa mjini Unguja, alicheka alipoiona. “Mwanangu, umekivuta kitambaa kilichokwisha choka.” Alifumua uzi wangu wote, akaweka kwa ndani kipande cha bafta laini, kipana kuliko tundu, ili mshono ukamate penye nguo nzima. Akaiwamba kwenye duara la kutarizia. Meno ya cherehani yasukumayo nguo akayashusha. Mguu akautoa, lakini wenzo wake akauteremsha, la sivyo uzi hujisokota chini. Kisha akaiongoza kanzu kwa viganja, mbele na nyuma, mistari ikikaribiana, halafu akaikatiza kwa upana. Uzi ulikuwa mwembamba, kwani uzi mnene hukikata kitambaa kikuukuu.

Kanga na mashuka hutengenezwa vivyo hivyo.

Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alitaja kuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Tumelisikia hilo mimbarini mara nyingi. Akina baba wangapi tunajua sindano ilipowekwa?

Sala ya Idi niliiendea na kanzu ile. Kiraka kinaonekana ukikitafuta.