Kukatwa bima na kukatiwa bima: maneno ya bima ya afya katika karatasi za kodi

Sentensi "Mwalimu amekatwa bima" na "Mwalimu amekatiwa bima" zinatofautiana kwa silabi moja tu, na msikilizaji asiye makini huzichukua kuwa ni kitu kimoja. Ya kwanza inasema kwamba fedha zimeondolewa kwenye mshahara wa mwalimu kwa ajili ya bima. Ya pili inasema kwamba mtu mwingine, kwa kawaida mwajiri, amemwandikisha mwalimu huyo katika bima. Mtu anaweza kukatwa bila kukatiwa, na mwingine anaweza kukatiwa bila kukatwa hata senti moja. Mfasiri anayetafsiri malalamiko, hati ya mshahara au fomu ya kodi asipoliona hilo, hutoa tafsiri fasaha inayosema kinyume cha alichosema mwenye shauri.

Chanzo cha utata ni kitenzi kukata, ambacho Kiswahili kimekibebesha kazi nyingi. Kuna kukata kwa maana ya kupata hati kwa kulipia: kukata tiketi, kukata leseni, kukata bima. Kuna kukata kwa maana ya kuondoa sehemu ya malipo kabla hayajamfikia mwenyewe: kumkata mtumishi kodi, kumkata mkopo, kumkata mchango. Kutokana na maana hii ya pili limepatikana jina makato, la ngeli ya YA-, ambalo halina umoja katika matumizi ya ofisini. Tena kuna kukata kwa maana ya kusitisha, kama vile kukatiwa umeme. Kwa hiyo hata kauli ya kutendewa haiko salama: "amekatiwa bima" kwa msemaji mmoja ni kuandikishwa, na kwa mwingine, hasa aliyekwisha kusikia habari za umeme na maji, inaweza kuwa kufungiwa. Muktadha huamua, lakini katika hati rasmi ni vyema kutouachia muktadha mzigo huo. "Kuandikishwa katika bima", "kukatwa mchango wa bima" na "kusitishiwa bima" ni maneno marefu kidogo, ila hayana ubishi.

Malalamiko ya kawaida yanayohitaji uangalifu huu ni kama haya: "Nimekatwa bima tangu Julai, lakini hospitali wanasema sijakatiwa." Kiswahili chake ni sahihi kabisa, na maana yake ni kwamba fedha zilitoka kwenye mshahara lakini uanachama haukuanza kufanya kazi. Anayetafsiri sehemu ya kwanza kuwa bima ilisitishwa mwezi Julai anahamisha kosa. Mlalamikaji anamtazama mwajiri, ilhali tafsiri inamtazama mtoa bima. Hata ushahidi unaotakiwa unabadilika: katika shauri la kweli zinahitajika hati za mshahara zinazoonyesha makato, na katika shauri lililobuniwa na tafsiri itatafutwa barua ya kusitishiwa ambayo haikuandikwa kamwe.

Hati ya mshahara, ambayo mtaani huitwa salari slipu, ndiyo karatasi ambamo bima ya afya na kodi hukutana kwa mtumishi wa Tanzania. Mfano ni wa mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Hati yake ina angalau mistari mitatu ya makato ya kisheria. Wa kwanza ni mchango wa hifadhi ya jamii, PSSSF, ambao kwa mtumishi ni 5%, yaani shilingi 40,000. Wa pili ni mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001: mtumishi huchangia 3% ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 24,000, na mwajiri huongeza 3% nyingine. Wa tatu ni kodi ya mapato ya ajira, ile iitwayo Lipa Kadiri Unavyopata.

Swali ambalo wanafunzi na wafasiri hukosea ni hili: kodi hupigwa kwenye kiasi gani? Si kwenye shilingi 800,000, wala si kwenye kinachobaki baada ya makato yote mawili. Mchango wa pensheni huondolewa kwanza kabla ya kukokotoa kodi. Mchango wa bima ya afya hauondolewi. Mapato yanayotozwa kodi ya mwalimu huyu basi ni shilingi 760,000. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu, shilingi 250,000 zinazofuata hutozwa 8%, na shilingi 240,000 zinazobaki hutozwa 20%. Kodi ni 20,000 na 48,000, jumla shilingi 68,000. Lau mchango wa bima nao ungetolewa kwanza, kodi ingekuwa shilingi 63,200. Tofauti ya shilingi 4,800 kila mwezi imefichwa katika neno makato, kwa sababu neno hilo linataja vyote vinavyotoka kwenye mshahara bila kusema kipi hutoka kabla ya kodi na kipi hutoka baada yake. Mwalimu wa Kiswahili cha biashara angefanya vyema kuwafundisha wanafunzi wake kusema "makato kabla ya kodi" na "makato yasiyopunguza kodi", maneno ambayo hayajazoeleka lakini yanaeleweka mara moja.

Ile 3% ya mwajiri nayo ina suala lake. Je, ni sehemu ya mapato ya mwalimu? Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiihesabu gharama ya matibabu, wala malipo ya bima ya matibabu yanayofanywa na mwajiri, kuwa mapato ya mtumishi, mradi huduma hiyo inatolewa bila ubaguzi na inamhusu mtumishi, mwenza wake na watoto wao wasiozidi wanne. Hapa kuna mtego mwingine wa msamiati. NHIF huzungumza juu ya wategemezi, na mtegemezi anaweza kuwa mzazi wa mwanachama. Sheria ya kodi, katika kifungu hicho, huzungumza juu ya watoto. Idadi ni ile ile, wanne, lakini watu si lazima wawe wale wale. Kuweka neno wategemezi mahali pa watoto katika tafsiri ya kifungu cha kodi ni kupanua sheria kwa kalamu ya mfasiri. Ifahamike pia kwamba mtegemezi ni yule anayetegemea. Anayetegemewa ni mtegemewa. Magazeti huyachanganya maneno haya mara kwa mara.

Jambo ambalo huwashangaza wasomaji wa nje ni kwamba mwalimu huyo wa Ilembo, ikiwa hana mapato mengine nje ya ajira yake moja, halazimiki kuwasilisha ritani ya kodi. Mwajiri hukata, hupeleka Mamlaka ya Mapato, na mambo yamekwisha. Kwa hiyo usemi "fomu ya kodi ya bima ya afya" hauna kinachoulingana huko Mpanda. Mfasiri aliyeupata katika hati ya kigeni asiuvishe jina la karatasi ya NHIF wala la kadi ya bima, kwani kadi inathibitisha uanachama tu.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa kata hiyo hiyo hali ni tofauti kidogo, ingawa mwisho wake ni ule ule. Yeye hakatwi na mtu. Akijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, maarufu kama CHF iliyoboreshwa, ambao kiwango chake mikoani kilipangwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, hupewa uthibitisho wa malipo. Uthibitisho huo ni stakabadhi ya matumizi yake binafsi na ya kaya yake, hivyo hauingii katika gharama za biashara. Kuuita "risiti ya kodi", kama wengine wanavyofanya kwa sababu tu umetolewa na ofisi ya serikali, ni kumpa mwenyewe matumaini yasiyo na msingi.

Kenya imekwenda njia nyingine, na maneno yake yamebadilika pamoja na sheria. Kwanza, kinachoitwa kodi Tanzania huitwa ushuru Kenya, hata katika jina la mamlaka husika. Neno ushuru asili yake ni Kiarabu, na kiini chake ni sehemu ya kumi. Tanzania limebaki zaidi kwa ushuru wa forodha na wa mazao. Pili, mwajiriwa wa Kenya hulazimika kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita, na hutegemea fomu P9 anayopewa na mwajiri, inayoorodhesha mshahara, makato na ushuru wa kila mwezi. Hapo bima ya afya ina nafasi yake katika hesabu. Wengine huiita ritani "marejesho". Neno hilo ni la kuepukwa katika makala za kodi, maana marejesho pia ni fedha anazorudishiwa mlipaji aliyelipa kupita kiasi, na kwa wanachama wa vikundi vya mikopo ni fungu la mkopo linalolipwa kila wiki. "Nimepeleka marejesho" na "nimepata marejesho" ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Tangu Januari 2022 mchango wa mfuko wa zamani wa bima ya hospitali nchini Kenya uliingizwa katika nafuu ya bima: 15% ya kilicholipwa ilipunguzwa kutoka kwenye ushuru wenyewe. Oktoba 2024 mfuko huo ulipisha SHIF, ambao mwajiriwa huuchangia 2.75% ya mshahara ghafi, na kuanzia mwishoni mwa Desemba 2024 mchango huo hutolewa kwenye mapato kabla ya ushuru kukokotolewa. Msomaji wa haraka atasema yote ni "punguzo". Hesabu inakataa. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000 za Kenya huchanga 2,750. Kwa njia ya nafuu ya 15% angepunguziwa ushuru wa shilingi 412.50, kwa njia ya kuondoa mchango kwenye mapato, kwa kuwa shilingi zake za juu hutozwa 30%, anapunguziwa shilingi 825. Nafuu hupunguza kodi. Kato linaloruhusiwa hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Neno punguzo likitumika kwa vyote viwili, shilingi hizi hazionekani.

Tatizo huwa kubwa zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani, ambako fomu za aina hii zipo kweli, na zina namba. Fomu 1095-A hutolewa na soko la bima lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2010, kwa aliyenunua bima humo. Fomu 1095-B hutoka kwa kampuni ya bima au mpango wa serikali, na 1095-C hutoka kwa mwajiri mkubwa, mwenye watumishi 50 au zaidi wa muda kamili. Hizi mbili za mwisho kwa kawaida huhifadhiwa tu, na tangu mwisho wa mwaka 2024 watoaji wameruhusiwa kuzitoa kwa anayeziomba. Ile ya kwanza haina mzaha. Kama serikali ilimlipia mtu sehemu ya ada ya bima mapema, ni lazima awasilishe ritani hata akiwa na kipato kidogo, na aambatishe fomu 8962. Aliyekulia katika mazoea ya hati ya mshahara ya Mpanda, ambako mwajiri humaliza kila kitu, huiweka karatasi hiyo kabatini kwa nia njema kabisa, kisha baadaye anaweza kujikuta hana tena msaada wa kulipia ada.

Vipeperushi vingi huuita msaada huo "mkopo wa kodi". Kosa linaeleweka, kwani neno la Kiingereza lililomo ni lile lile linaloandikwa dukani mteja anapochukua unga kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Lakini anayeambiwa kwamba serikali imemkopesha hukataa, au huingia hofu ya deni, na wapo wanaoikosa bima kwa hofu hiyo. "Nafuu ya kodi kwa ajili ya ada ya bima" ni bora. Hata hivyo mfasiri asiende mbali mno akaiita "zawadi" au "msaada wa bure", kwa sababu malipo ya mapema hukadiriwa kwa kipato kinachotarajiwa. Kipato halisi kikizidi makadirio, fedha iliyozidi hudaiwa, na kikipungua, mlipaji huongezewa. Kazi ya fomu 8962 ni kulinganisha hayo mawili, hivyo kitenzi kinachofaa ni kulinganisha au kuoanisha. Kupatanisha, linalopatikana katika baadhi ya tafsiri, ni la watu waliogombana.

Neno kaya nalo lichungwe hapo. Kaya ya CHF ni watu wanaoishi pamoja chini ya mkuu mmoja, na hadi sita huhudumiwa kwa mchango mmoja. Kaya ya fomu 8962 ni mlipakodi, mwenza wake wanapowasilisha ritani pamoja, na wategemezi anaowataja katika ritani yake. Shangazi anayelala chumba cha pili na kula chungu kimoja na wenyeji si lazima awemo. Katika tafsiri, "kaya ya kikodi" hutenganisha dhana hizi mbili. Katika 1095-A yenyewe, safu A iandikwe "ada ya bima ya mwezi", safu B "ada ya mpango wa kulinganishia", na safu C "nafuu iliyolipwa mapema kwa kampuni ya bima", maana fedha za safu hiyo hazikupita mikononi mwa mwenye fomu, na ndiyo sababu wengi huapa kwamba hawakupokea chochote.