Kweli au Uongo: Cherel wa Isidingo na Wenzake Wenye Roho Mbaya

Ruhuwiko ndiko zinakotua ndege za Songea, lakini wageni waliozoeleka zaidi sebuleni kwa miaka mingi walikuja kwa ITV: Barker Haines, akina Matabane, na mwanamke mmoja aliyeitwa Cherel. Tamthilia yao, Isidingo, ilitengenezwa Johannesburg, na wazee wa Kingoni waliweza kusema kwa utani kwamba hao ni ndugu, maana babu zao walitoka huko huko kusini karne ya 19.

Tatizo lilikuwa umeme. Enzi hizo Songea iliendeshwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO. Gridi ya taifa ilifika 2018, kwa njia iliyojengwa kutoka Makambako. Umeme ukikatika Cherel akiwa katikati ya njama, hapakuwa na marudio ya kwenye simu. Aliyeona nusu alimhadithia ambaye hakuona kabisa. Lugha nayo ilikuwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa sekondari aligeuka mkalimani wa bibi yake, akatia na chumvi. Ninavyoona mimi, nusu ya uvumi kuhusu waigizaji wa nafasi za ubaya ilizaliwa kwenye giza hilo. Tuuchambue.

"Haigizi yule, ndivyo alivyo."

Uongo, na huu ndio uongo mkubwa kuliko wote. Cherel de Villiers Haines, muuaji wa mji wa kubuni wa Horizon Deep, alichezwa na Michelle Botes, aliyezaliwa Oktoba 1962. Kabla ya Isidingo kuanza Julai 1998, Botes alikuwa ameshafanya kazi zaidi ya miaka kumi, na nyingi hazikuwa za ubaya. Mwaka 1987 alicheza kwenye American Ninja 2, filamu ya mapigano, akiwa binti wa mwanasayansi aliyetekwa. Yaani yule wa kuokolewa na steringi. Kisha ikaja Arende, tamthilia ya kihistoria ya Afrika Kusini iliyompa jina nyumbani kwao.

Sasa mtazame Cherel. Wabaya wengi wa tamthilia hutoa macho na kupiga kelele hadi jirani asikie. Botes aliteremsha sauti. Alitabasamu, akazungumza kwa adabu, na mtazamaji aliyejua alichokwisha kufanya ndiye aliyebaki akitetemeka. Mtu mwenye hasira za kweli hawezi kuzipanga hivyo. Zaidi ya hapo, tamthilia za kila siku hurekodiwa harakaharaka na bila kufuata mtiririko: asubuhi moja mwigizaji analia msibani, mchana anarekodi kipande ambacho marehemu bado yuko hai. Roho mbaya peke yake haikariri mistari mingi kiasi hicho.

"Nafasi ya adui hupewa aliyekosa usteringi."

Uongo. Joan Collins aliingia Dynasty mwaka 1981, tamthilia ikiwa msimu wa pili na haijashika vizuri. Alikuja kama Alexis, mke wa zamani mwenye kisasi. Msimu wa 1984–85 Dynasty ikawa namba moja kwa watazamaji Marekani, na yeye alikuwa ameshanyakua Golden Globe. Susan Lucci naye alianza kucheza Erica Kane, mwanamke mjanja na mbinafsi, mwaka 1970; akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy mara 18 bila kushinda, akaipata mara ya 19, mwaka 1999. Kwa hiyo ukisikia kijana wa kikundi cha maigizo anaikataa nafasi ya mama wa kambo mkatili kwa kuogopa itamshusha, mwambie aichukue haraka kabla mwenzake hajaiona.

"Watu huwapiga kweli barabarani."

Kweli. Na tusijidharau kwamba ni ushamba wetu. Eileen Fulton, aliyeanza kumcheza Lisa katika As the World Turns mwaka 1960, alizabwa kofi na mwanamke asiyemjua nje ya duka kubwa la New York. Kofi la mjini kabisa, la mtu mwenye taa ndani na barabarani.

Kwetu adhabu huwa ya namna nyingine: unanyang'anywa jina. Waulize watu wa Songea Fatuma Makongoro ni nani, utaona wanavyotazamana. Sema Bi Mwenda, wote watamjua, yule wa Kaole Sanaa Group aliyezoeleka kwenye nafasi za bibi mkorofi na mchawi. Chuma Selemani vivyo hivyo. Yeye ni Bi Hindu hadi kesho. Kulibeba jina la mhusika mkorofi sokoni, hospitalini na kwenye harusi za watu kunahitaji kifua.

"Tamthilia za watu wabaya zinaharibu watoto."

Hapa jibu halikatwi kwa neno moja, na Tanzania ina ushahidi ambao nchi nyingi hazina. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliofuata mbinu za Miguel Sabido wa Mexico. Sabido alitaka wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na anayeyumba katikati. Mbaya wetu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo na asiyejali mkewe, Tunu. Redio ilienda kwa betri, kwa hiyo mgao wa umeme haukumwokoa Mkwaju na masikio ya mtu.

Watafiti walifanya jambo la akili: kwa miaka miwili ya mwanzo, kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo, ili walinganishe. Ulikosikika, watu wengi zaidi walieleza kwamba walipunguza idadi ya wapenzi, walitumia kondomu, na walikwenda kuuliza habari za uzazi wa mpango. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikapewa. Mkwaju, kwa ubaya wake wote, alifanya kazi ambayo mabango hayakuiweza. Tunu alianzisha biashara yake ndogo. Mumewe alikufa kwa UKIMWI.

Lakini nisidanganye. Mkwaju aliandikwa ili aadhibiwe, na kila tendo lake lilipangiwa matokeo. Cherel aliandikwa ili urudi kesho kutazama. Hawa ni wabaya wawili tofauti, na mzazi anayezima luninga mtoto anapoanza kuiga njama za Cherel kwa dada yake, mimi simcheki.

"Ile ni sauti ya Hurrem mwenyewe."

Uongo, ingawa nimeshasikia mtu akisifu "Kiswahili cha Waturuki." Sultan, tamthilia ya Kituruki yenye Hurrem, ilipokuja Azam, wahusika walikuwa wameingiziwa sauti za Kiswahili. Meryem Uzerli, aliyemcheza Hurrem, alizaliwa Kassel, Ujerumani, na chuki yote uliyoisikia masikioni ilitoka koo la mtu mwingine. Hurrem ni adui wa nusu ya wasichana wa ikulu na steringi wa nusu ya watazamaji, jambo linalofanya ubishi wa vijiweni usiishe.

Na lile la Hurrem "kubadilika sura ghafla"? Uchawi haumo. Uzerli aliondoka mwaka 2013 akieleza kwamba amechoka kupita kiasi, nafasi yake akaichukua Vahide Perçin. Hii ndiyo sehemu ambayo watazamaji hatuihesabu: kubeba njama, vilio na ghadhabu za mtu mwingine kwa miezi na miezi ni kazi inayoumiza mwili.

"Adui akifa, ndiyo basi tena."

Kwenye sinema za kibanda umiza, kweli. Kwenye tamthilia ndefu, uongo mtupu. Sheila Carter, anayechezwa na Kimberlin Brown, alianza na The Young and the Restless mwaka 1990, akahamia The Bold and the Beautiful mwaka 1992, na tangu hapo ameshadhaniwa kafa mara kadhaa. Kila mara anarudi. Cherel naye aliondoka Isidingo, kisha miaka kadhaa baadaye wakamrudisha, maana waandishi walijua wamepoteza nini.

"Cherel amefariki."

Kweli, safari hii. Michelle Botes alifariki 21 Desemba 2024, akiwa na miaka 62, baada ya kuugua saratani. Kazi aliendelea nayo hata baada ya Cherel. Mwaka 2020 alionekana katika Legacy ya M-Net akiwa Angelique Price. Na asitokee wa kusema atarudishwa kama zamani: Isidingo yenyewe ilifungwa 12 Machi 2020.