Oili ya gia na klachi kwa pikipiki za zamani: soma lebo kabla ya kumimina

Klachi ya pikipiki ya zamani ikianza kuteleza, yaani injini inapiga kelele lakini piki haipandi mlima, wengi hukimbilia dukani kununua sahani mpya za klachi. Wakati mwingine sahani hizo hazina kosa lolote. Tatizo ni oili iliyomiminwa siku chache zilizopita. Kwa mtu anayeishi kwa kubeba abiria au kupeleka magunia sokoni, kulipia sahani ambazo hazikuhitajika ni kupoteza mapato ya siku nyingi, na piki itaanza kuteleza tena kwa sababu oili ni ileile.

Makala hii ni kwa wale wenye pikipiki za Kijapani za miaka ya nyuma, zile ambazo bado utakutana nazo kwenye makazi na vijiji jirani: Yamaha AG100 na DT125, Suzuki TF125, Honda CG125 na ndugu zao. Mwenye Boxer atapata pia la kumfaa.

Kwenye magari mengi ya gia za mkono, klachi ni kavu na giaboksi ina oili yake peke yake. Ndiyo maana fundi aliyezoea magari akisikia neno giaboksi anachukua kopo la oili ya gia, SAE 90. Kwenye pikipiki tulizozitaja hapo juu mambo ni tofauti. Klachi (ndugu waliojifunza ufundi Kongo wanaiita ambreyaji) imelowa ndani ya oili ileile inayolainisha gia. Sahani zake zinatakiwa kushikana vizuri huku zimelowa. Oili inayoteleza kupita kiasi itafurahisha gia na kuharibu klachi. Kwa hiyo unapochagua oili ya giaboksi ya piki ya namna hii, ifikirie kwanza klachi.

Kuna makundi mawili, na kuyachanganya ni hatari. Honda CG125 na Boxer zina injini ya mipigo minne: oili moja inahudumia injini, gia na klachi kwa pamoja. AG100, DT125 na TF125 ni za mipigo miwili, zile zinazotoa moshi. Hizi zina oili mbili zisizokutana. Ya kwanza huchanganyika na petroli na kuungua, na chupa yake huandikwa 2T. Ya pili hukaa ndani ya giaboksi na haiungui. Ukimimina 2T kwenye giaboksi, gia zitakosa kinga, kwa maana oili hiyo ilitengenezwa iungue, haikutengenezwa ibebe mzigo wa meno ya gia. Na ukiweka oili ya giaboksi kwenye tanki la 2T, utapata plagi chafu na eksozi iliyoziba masizi.

Sasa tuje kwenye lebo. Oili nyingi za kisasa za magari, hasa nyepesi kama 5W-30 na 10W-30, huongezwa dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kwa gari ni jambo jema. Kwa klachi iliyolowa, dawa hizo hufanya sahani ziteleze. Mwaka 1998 Wajapani waliweka kipimo cha oili za pikipiki za mipigo minne kinachoitwa JASO, na herufi zake huandikwa kwenye chupa. MA, MA1 na MA2 zinafaa klachi iliyolowa. MB ina msuguano mdogo na hutumika zaidi kwenye skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya oili. Usishangae kwamba kipimo kinataja mipigo minne. Oili ya JASO MA inafaa pia giaboksi ya piki ya mipigo miwili, kwa sababu klachi yake ni ya namna ileile. Alama nyingine ya kuangalia ni ile ya duara ya API: ikiwa sehemu ya chini ya duara kuna maneno ya Kiingereza “Resource Conserving” au “Energy Conserving”, iache kwa wenye magari.

Kitabu cha piki nacho kinahitaji kusomwa kwa akili. Vitabu vya Yamaha vya zamani hutaja oili ya injini 10W-30 ya daraja SE kwa ajili ya giaboksi. SE ni daraja la miaka ya 1970, na limekwisha kustaafishwa. Mtu anasoma 10W-30, anakwenda dukani, anapewa 10W-30 ya gari la leo, namba ni ileile kabisa, na klachi inaanza kuteleza. Kitabu hakikudanganya. Oili ndiyo iliyobadilika, jina likabaki. Leo, badala ya SE ya zamani, chukua 10W-30 au 10W-40 yenye JASO MA. Kwa injini ya mipigo minne inayofanya kazi kwenye joto kama la Turkana, 20W-50 yenye JASO MA hutumiwa sana, na ndiyo Bajaj wanayoitaja kwa baadhi ya Boxer. Kwenye giaboksi ya AG au DT sioni sababu ya kwenda nzito hivyo: asubuhi klachi itagoma kuachia na gia zitaingia kwa kugonga.

Na ile SAE 90? Kwanza, namba za oili ya gia na za oili ya injini hupimwa kwa mizani tofauti. Oili ya gia SAE 90 inakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50, kwa hiyo 90 haimaanishi kwamba ni nzito mara mbili. Tatizo kubwa ni dawa zilizomo. Oili ya gia iliyoandikwa GL-5 ina salfa na fosforasi nyingi kwa ajili ya difu za magari, na inaweza kula bushi za shaba zilizomo kwenye giaboksi za zamani. Sahani za klachi nazo hazikutengenezewa dawa hizo. Ziko pikipiki zinazotaka oili ya gia, kama BMW za zamani ambazo klachi yake ni kavu na giaboksi imejitenga, lakini AG100 si mojawapo.

Sokoni, epuka oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Hata kama ni nzuri, huna lebo ya kusoma. Nunua chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa, na ukishaitumia iharibu ili mtu asiijaze oili chafu na kuiuza tena. JASO MA ya bei nafuu ni bora kuliko oili ghali ya gari.

Kabla ya kuilaumu oili, angalia waya wa klachi. Ncha ya mkono wa klachi inatakiwa icheze bure kidogo, kama milimita 10 hadi 20. Waya uliokazwa mno huifanya klachi iteleze hata kwenye oili nzuri. Ikiwa waya uko sawa na unajua oili mbaya iliingia, pasha injini moto, mwaga, weka JASO MA, endesha siku mbili tatu, kisha mwaga tena na kuweka mpya. Sahani ambazo hazijaungua mara nyingi hurudia hali yake. Zikiendelea kuteleza, hapo zifunguliwe zipimwe. Sahani mpya zilowekwe kwenye oili usiku mzima kabla ya kufungwa.

Kiasi cha giaboksi ya mipigo miwili ni kidogo, chini ya lita moja, na mara nyingi kimechorwa kwenye chuma karibu na mfuniko. Usizidishe. Ikiwa oili ya giaboksi inapungua, chini hakuna tone, na eksozi inatoa moshi mzito mweupe, huenda sili ya krankishafti upande wa klachi imekufa na injini inainywa oili hiyo. Kuongeza oili kila wiki hakutasaidia. Mpelekee fundi abadilishe sili.

Oili chafu iwekwe kwenye jerikani yenye kifuniko, mbali na bomba la maji na bustani, na jerikani hiyo isitumike tena kwa maji hata ikioshwa. Ulizia kwenye gereji kubwa au stesheni ya mafuta iliyo karibu kama wanaipokea.