Neno "Bawa" katika Elimu ya Mwili na katika Elimu ya Mimea

Mwanafunzi wa udaktari anayesoma kwa Kifaransa nchini Kongo hukutana na neno aile mapema sana katika masomo yake. Pua ina ailes, mfupa wa nyonga una aile, na mfupa mmoja uliojificha ndani ya fuvu una ailes nne, mbili kubwa na mbili ndogo. Mwenzake wa kilimo hulikuta neno lile lile katika ua la haragwe, katika tunda la mukula na katika shina la kiazi kikuu. Wote wawili, wakitoka darasani, huulizwa mambo kwa Kiswahili: mmoja na mama aliyempakata mtoto mgonjwa, mwingine na mkulima. Kamusi huwapa jibu moja tu, nalo ni bawa. Jibu hilo si kosa. Hata hivyo lafaa kuchunguzwa, kwa kuwa pana mahali ambapo bawa humfikisha msikilizaji kwenye maana, na pana mahali ambapo humwacha akitafuta ndege asiyekuwapo.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili hulitumia kwa sura mbili: bawa, ambalo wingi wake ni mabawa, na ubawa, ambao wingi wake ni mbawa. Sura hii ya pili imo katika ngeli moja na unyoya, ubao na ubavu, na hapo ndipo penye mtego. Mbawa na mbavu hutofautiana kwa silabi ya mwisho tu. Hospitalini mbavu hutajwa kila siku, na mgonjwa asiyesikia vizuri atasikia lile analolijua. Kwa sababu hiyo bawa na mabawa ni sura salama zaidi kwa istilahi za mwili, ingawa mshairi ana haki yake ya kupendelea mbawa.

Wataalamu wa Ulaya walioandika kwa Kilatini walichukua neno ala, yaani bawa, wakalipa kila kitu chembamba kilichotanda kutoka kwenye shina au kiini chake. Katika Kilatini ala lilikuwa pia na maana ya kwapa, na jamaa yake axilla ndilo lililozaa aisselle ya Kifaransa. Kigiriki nacho kilitoa pteron, yaani unyoya au bawa, na pteryx, yaani bawa. Pinna ya Kilatini ilikusanya pamoja unyoya, bawa na pezi la samaki. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo: unyoya ni unyoya, bawa ni bawa, pezi ni pezi. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili hulazimika kuamua jambo ambalo Mrumi hakulazimika kuliamua. Jani la mjakaranda, ambalo vijani vyake vimepangwa huku na huku ya ukuti wa kati, huitwa kwa Kilatini jina litokanalo na pinna. Kwa Kiswahili ni jani lenye umbo la unyoya, wala si jani lenye mabawa.

Katika mwili wa mtu, mabawa yaliyo mashuhuri kuliko yote ni yale yasiyoonekana. Nyuma ya macho, katikati ya sakafu ya fuvu, umo mfupa uitwao sfenoidi. Jina lake la Kigiriki lina maana ya kitu kinachofanana na kabari, na kweli umepachikwa kati ya mifupa mingine kama kabari. Ukitolewa na kutazamwa peke yake, hufanana na popo aliyekunjua mabawa. Mabawa madogo yako juu, na katika kila moja limo tundu ambamo neva ya kuonea hupita kutoka jichoni. Mabawa makubwa yako chini na pembeni, nayo yana matundu kadhaa. Katika mojawapo hupita neva ya taya la chini, katika jingine mshipa wa damu unaolisha utando mgumu unaoufunika ubongo. Chini ya mfupa huo huteremka miguu miwili ambayo Kifaransa huiita ptérygoïdes, maana yake "yenye mfano wa bawa". Hapo hushikamana misuli inayolisogeza taya. Mtu anapotafuna ugali, anaitumia misuli hiyo bila kujua kwamba ina jina la ndege.

Ncha ya bawa kubwa hufika upande wa kichwa, nyuma kidogo ya jicho, katika sehemu ambayo Kiswahili huiita panja. Hapo hukutana mifupa minne, na wataalamu wamepaita pterioni, jina jingine la bawa. Huenda aliyeziona sanamu za mungu Hermes, zenye mabawa kichwani, ataelewa kwa nini. Mfupa wa hapo ni mwembamba kuliko sehemu nyingi za fuvu, na kwa ndani unapita ule mshipa wa damu uliotajwa juu. Pigo la panja laweza kuuvunja mfupa na kuupasua mshipa. Mgonjwa huweza kuzimia, akazinduka, akazungumza na jamaa zake kana kwamba yamekwisha, kisha baada ya saa chache akapoteza fahamu tena kwa sababu damu inaubana ubongo. Katika miji ambamo watu wengi husafiri kwa pikipiki bila kofia ngumu, habari hii si ya kitabuni tu. Na hapa Kiswahili hakihitaji kukopa chochote. Muuguzi akisema "amepigwa kwenye panja, msimwache alale nyumbani, mleteni hospitali hata kama anaongea vizuri", amesema yote yanayohitajika. Pterioni na bawa vibaki darasani.

Mabawa mengine ya mifupa hayana shida kubwa. Sehemu pana ya juu ya mfupa wa nyonga, ile ambayo mtu huishika akisimama mikono kiunoni, yaweza kuitwa bawa la nyonga, na mwanafunzi ataelewa mara moja. Mfupa wa bega ni habari nyingine. Waswahili huuita kombe la mkono au kombe la bega, maana ni mpana, umebonyea kidogo, kama chombo cha kupakulia. Jina hilo ni la zamani na ni zuri. Hakuna sababu ya kuliondoa. Lakini kuna ugonjwa ambao madaktari huueleza kwa mfano wa bawa: neva inayoteremka kutoka shingoni kwenda kwenye msuli wa ubavuni ikiumia, msuli hulegea, na kombe la bega hutoka nje mgongoni mtu anaposukuma ukuta kwa mikono miwili. Kwa nyuma huonekana kama kifaranga anayejaribu kuruka. Katika hali hii "bega la bawa" ni jina linaloeleza kwa kweli, kwa kuwa linaonyesha kile kinachoonekana kwa macho.

Jambo huwa zito tunapofika usoni. Kifaransa cha hospitali kina msemo wa battement des ailes du nez, yaani kupigapiga kwa mabawa ya pua. Ni dalili ya mtoto mchanga anayepata shida ya kupumua: kila anapovuta pumzi, kuta za nje za pua hutanuka. Mwanafunzi aliyeufasiri msemo huo neno kwa neno atamwambia mama achunguze kama mabawa ya pua ya mtoto yanapigapiga. Mama atamtazama tu. Kwa Kiswahili pua ina tundu, ina mwanzi, ina ncha. Bawa si sehemu ya pua ambayo mtu wa kawaida huitaja. Aambiwe kwamba tundu za pua zinatanuka kila mtoto anapovuta pumzi, na kwamba akiona pia kifua kinabonyea chini ya mbavu, asingoje kesho. Tofauti kati ya maelezo haya mawili si ya ufasaha peke yake. Mama aliyeelewa huondoka usiku ule ule. Asiyeelewa hungoja kukuche.

Hali kadhalika jichoni. Kuna utando wa nyama wenye pembe tatu unaoota juu ya weupe wa jicho, mara nyingi kutoka upande wa pua, na kusogea polepole kuelekea kwenye mboni. Madaktari huuita pterijiamu, "bawa dogo", kwa sababu ya umbo lake. Huwapata hasa watu wanaokaa juani kwa miaka mingi, penye upepo na vumbi: wakulima, wavuvi, wafanyakazi wa machimbo ya wazi. Wengi huuchanganya na mtoto wa jicho, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa, ukungu katika lenzi iliyo ndani ya jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji wa ndani ya jicho. Kile kinyama cha juu mara nyingi huachwa kikiwa kidogo, na hukatwa kikikaribia kufunika mboni au kikisumbua. Mgonjwa anayeviita vyote viwili kwa jina moja aweza kukataa tiba anayoihitaji kwa kuwa jirani yake aliambiwa hakuna haja ya kupasuliwa. Hapa basi jina la pekee linahitajika. "Kinyama cha jicho" huwafaa wagonjwa. "Bawa la jicho" laweza kutumika darasani, mradi lisitumike kamwe kwa mtoto wa jicho.

Katika mimea, bawa limerudi karibu zaidi na kazi yake. Misitu ya miombo ya Katanga imejaa matunda yanayobebwa na upepo. Mukula, ambao wataalamu huuita Pterocarpus tinctorius, na mninga, Pterocarpus angolensis, ni wa jenasi moja, na jina la jenasi hiyo maana yake ni "tunda lenye bawa". Tunda la mninga lina mbegu katikati, imezungukwa na miiba laini mingi, na pembeni limezungukwa na bawa la mviringo, jembamba kama karatasi kavu. Mukula hujulikana zaidi kwa mti wake mwekundu kuliko kwa tunda lake. Katika miaka ya 2010 magogo yake yalikatwa kwa wingi Katanga na katika nchi jirani ya Zambia yakapelekwa Asia, hata mwaka 2019 mti huo ukaingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2022 mkataba uliongeza miti yote ya jenasi hiyo inayoota Afrika. Upepo hubeba mbegu kutoka mti uliosimama. Pale ambapo miti mikubwa yote imekwisha kukatwa, bawa la tunda halina kazi.

Si miti yote ya miombo iliyochagua upepo. Brachystegia, ambayo ndiyo miombo hasa, ina maganda ya mti mgumu yanayokauka, yakajipinda na kupasuka kwa kishindo, yakirusha mbegu mbali. Lakini Combretum ina matunda yenye mabawa manne kwa kawaida. Limba wa Mayombe, Terminalia superba, ana mawili. Na Monotes, mti wa Katanga ambao spishi yake moja huitwa katangensis, ana matano. Hapa mwanafunzi asidanganywe na jina. Bawa la limba ni sehemu ya ukuta wa tunda. Mabawa ya Monotes ni yale majani madogo yaliyolishika ua, ambayo baada ya ua kunyauka yameendelea kukua. Na yule mjakaranda wa barabara za Lubumbashi, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, hana bawa kwenye tunda kabisa: kijaluba chake kigumu hufunguka, na ndani kila mbegu ina bawa lake jembamba linalopenyeza mwanga. Vivyo hivyo mbegu za kibobakasi. Umbo ni moja, asili ni tatu.

Namna mabawa hayo yanavyofanya kazi imechunguzwa kwa makini. Mbegu yenye bawa upande mmoja huzunguka ikianguka, na mwaka 2009 David Lentink na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba mbegu za aina hiyo huunda juu ya ukingo wa mbele wa bawa kimbunga kidogo cha hewa kinachoziinua, kama ilivyo kwa wadudu warukao. Mbegu ya Alsomitra macrocarpa, mtambazi wa Asia ya Kusini-Mashariki, haizunguki bali huteleza hewani. Upana wa mabawa yake hufika kama sentimita 13, na Igo Etrich wa Austria aliiga umbo lake alipounda vyombo vyake vya kwanza vya kuruka.

Yako pia mabawa ya mimea yasiyoruka. Kikonyo cha jani la mchungwa kina ukingo mwembamba huku na huku. Shina la kiazi kikuu, Dioscorea alata, lina kingo nne, na jina alata lamaanisha kwamba lina mabawa. Ua la haragwe lina petali moja kubwa iliyosimama, ambayo Kifaransa huiita bendera, mbili za pembeni ziitwazo mabawa, na mbili zilizoungana chini ziitwazo mkuku wa jahazi. Nyuki akitua juu ya mabawa, uzito wake huyasukuma chini, na kutoka ndani ya mkuku huchomoza sehemu inayopokea chavua. Mkulima wa Kivu ataelewa bendera na bawa bila taabu. Mkuku ni neno la pwani, na mtumbwi wa ziwani hauna. Ni afadhali kusema mfuko wa chini.

Kwa wingi wa mifano hii, kanuni inayofaa ni hii: bawa litumike kwa mimea yote yenye ukingo mwembamba, na kwa mwili litumike darasani tu, isipokuwa pale mfano unapoonekana kwa macho. Kuhusu jamaa yake kwapa, mambo ni mepesi zaidi. Pembe iliyo kati ya jani na shina, ambayo Kifaransa huiita aisselle, yafaa kuitwa kwapa la jani, na mwanafunzi yeyote ataelewa kwamba chipukizi hutokea kwapani. Mkulima hana haja ya neno hilo pia. Akikata pingili ya mhogo ili aipande, huhesabu macho.