Saa kuukuu ya wazamiaji: kagua mpira kabla ya jina

Kwa mfanyabiashara wa mpunga au kakao wa Kyela anayeshinda njiani kati ya Itungi na Matema, Seiko 6309 ya wazamiaji, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988, bado ni mali. Haitumii betri, hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Ila ile “mita 150” iliyoandikwa usoni ni ya siku ilipotoka kiwandani. Mpira wa kuzuia maji hukauka, na Ziwa Nyasa halisomi maandishi.

Wakusanyaji hulipia zaidi uso na mishale ya asili. Wewe wa kuvaa kila siku, usilipe bei yao. Chukua iliyobadilishwa vipuri, fundi aweke mpira mpya na kuipima kwa shinikizo. Gharama hiyo ipunguze kwenye bei ya muuzaji. Kioo kina ukungu kwa ndani? Mrudishie mwenyewe.